Malta kwa Wapenda Sinema: Namna ya Kupanga Safari ya Kuona Maeneo Yaliyopigwa Filamu

Kila ikitoka filamu mpya yenye mapanga na ngome, maswali yaleyale hurudi. Uwanja wa mapigano wa filamu ya Gladiator bado upo Malta? Lile tao kubwa la jiwe baharini liko kisiwa gani? Siku tatu zinatosha? Asiyepata majibu kabla ya kukata tiketi hufika Malta, akazunguka juani, akarudi na picha za hoteli.

Majibu mafupi: uwanja haupo, tao limeanguka, na siku tatu zinatosha kwa kisiwa kikubwa na kimoja cha vile vidogo. Majibu marefu ni haya yanayofuata.

Kwanza historia kidogo, ili ujue unachokwenda kukitafuta. Visiwa vya Malta vyote kwa pamoja vina kilomita za mraba 316, yaani kama theluthi moja ya Pemba. Ndani ya eneo hilo dogo kuna ngome za karne ya 16 na 17, mji wa kale wenye kuta, majabali, na bahari pande zote. Watu wengi wanazungumza Kiingereza. Serikali nayo hurudishia makampuni ya filamu sehemu ya fedha yanazotumia nchini, hadi asilimia 40. Kwa hiyo wageni wanakuja na kamera zao, na jiwe lilelile la chokaa linageuzwa Roma, Yerusalemu, Troia au Benghazi kadiri hadithi inavyotaka.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Pasipoti na viza ya Schengen, yaani ya kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja (tazama hatua ya 3).
- Orodha ya filamu zisizozidi tano. Ndiyo, tano.
- Picha za skrini za matukio unayotaka kuyaona, zikiwa ndani ya simu na si mtandaoni.
- Ramani iliyopakuliwa. Mitaa ya miji ya kale ya Mdina na Birgu ni myembamba na kuta zake ni ndefu, kwa hiyo simu hupoteza mwelekeo.
- Raba zenye soli isiyoteleza. Mawe ya Valletta, mji mkuu, yamesuguliwa na nyayo za karne nyingi; mvua ikinyesha yanateleza kama sabuni.
- Kofia, maji, na pawabenki.
- Kadi ya benki inayokubali malipo ya kugusa, pamoja na euro chache mkononi.

Anayetoka Kenya, Uganda au Tanzania na chaja ya pini tatu bapa hana haja ya kununua adapta. Soketi ni zilezile, na magari pia yanapita kushoto kama kwetu.

Hatua ya 1: Igawe orodha yako mafungu matatu

Hapa ndipo wengi wanapoharibu safari, kwa hiyo usiharakishe. Mahali palipopigwa filamu huwa katika hali moja kati ya tatu.

Fungu la kwanza ni mahali papo na unaingia. Fort St Elmo mjini Valletta, iliyokuwa jela ya Kituruki katika Midnight Express (1978), leo ni makumbusho ya vita. Lango la Mdina lilitumika katika msimu wa kwanza wa Game of Thrones (2011). Popeye Village ni kijiji cha mbao kilichojengwa kwa ajili ya filamu Popeye ya 1980, na bado kimesimama. Weka humu pia mitaa ya Valletta iliyokuwa Yerusalemu katika World War Z (2013), na Birgu, ambako dinosaria walifukuza watu katika Jurassic World Dominion (2022). Hiyo ya mwisho ni filamu ya nadra: ndani yake Malta inaitwa Malta.

Fungu la pili ni mahali papo, ila utaishia nje. Fort Ricasoli, ngome iliyobeba Gladiator (2000), Troy (2004), Napoleon (2023) na Gladiator II (2024), haiko wazi kwa umma. Studio za Kalkara zenye matangi ya maji nazo ni mahali pa kazi. Kasri la San Anton ni makazi rasmi ya rais, ingawa bustani yake unaingia.

Fungu la tatu ni kilichokwisha. Azure Window, tao la jiwe la kisiwa cha Gozo lililokuwa nyuma ya harusi ya Daenerys na Drogo katika Game of Thrones, lilianguka katika dhoruba tarehe 8 Machi 2017. Uwanja wa Gladiator ulikuwa seti: theluthi moja tu ya duara ilijengwa, kimo cha mita kama 16, kwa plasta na mbao. Sehemu iliyobaki ilichorwa kwa kompyuta. Ilibomolewa.

Safari nzuri ya siku tatu ina maeneo manne au matano ya fungu la kwanza, mawili ya fungu la pili, na moja la tatu kwa anayependa kusimama mahali ambapo kitu hakipo. Wapo wanaopenda.

Swali la watu wa Mombasa, maana halikosekani: ndiyo, Captain Phillips (2013) ilipigwa kwa sehemu kubwa katika bahari ya Malta. Maersk Alabama, meli ya kweli iliyotekwa Aprili 2009, ilikuwa njiani kwenda Mombasa, lakini bahari unayoiona kwenye filamu ni Mediterania. Hakuna cha kutembelea. Ukiwa kwenye kivuko cha Gozo tazama maji, inatosha.

Hatua ya 2: Tafuta pembe ya kamera, usitafute jengo

Ukifika mbele ya jengo sahihi bila picha mkononi, hutalitambua. Mabango yameondolewa, mchanga wa seti umefagiwa, mnara ulioongezwa kwa kompyuta haupo, na mbele yako kuna duka la aiskrimu. Kitu kinachobaki ni pembe: kona ya ukuta, umbo la dirisha, mteremko wa ngazi.

Fanya hivi kwa kila tukio:

a) Simamisha filamu pale kamera ilipotulia na mandhari ya nyuma yanaonekana. Piga picha ya skrini.

b) Chagua kitu kimoja cha mawe ambacho hakiwezi kuhamishwa, kwa mfano tao, ngazi, au balkoni ya jiwe. Kizungushie duara. Rangi za milango na mabango usizitegemee.

c) Angalia vivuli vinaelekea wapi, upate kukisia ni asubuhi au jioni. Mwanga wa Malta saa saba mchana ni mkali mno. Hufuta maumbo yote ya jiwe, na picha yako itatoka kama karatasi nyeupe.

Kosa la kawaida: kuamini kwamba filamu nzima ilipigwa sehemu moja. Katika Munich (2005) Malta ilisimama badala ya Israeli, Lebanoni, Kupro na Ugiriki, huku matukio mengine yakipigwa Hungaria na Ufaransa. Vivyo hivyo Troy: ndani ya mji ni Ricasoli, lakini vita vikubwa vya ufukweni ni Meksiko. Usiutafute ufukwe huo Malta.

Hatua ya 3: Shughulikia viza

Malta imo Schengen tangu mwisho wa 2007. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima, euro 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11. Maombi hayapokelewi zaidi ya miezi sita kabla ya safari, na yasiwasilishwe zikiwa zimebaki chini ya siku 15. Wewe yapeleke miezi miwili au mitatu kabla. Bima ya safari iwe na kinga isiyopungua euro 30,000. Pasipoti iwe na angalau miezi mitatu ya uhai baada ya siku utakayoondoka, na kurasa mbili tupu.

Angalia kwenye tovuti ya wizara ya mambo ya nje ya Malta ni ofisi gani inapokea maombi katika nchi unayoishi. Si lazima iwe ubalozi wa Malta wenyewe. Mwenye kibali cha ukaazi Oman au Imarati anaomba hukohuko, harudi nyumbani. Mwenye kibali cha ukaazi cha nchi ya Schengen haombi kabisa. Anayeishi Uingereza kwa pasipoti ya Afrika Mashariki bado anaomba.

Makosa mawili ya hapa. La kwanza, kuomba kupitia Malta wakati siku nyingi utakuwa Italia: maombi huenda kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. La pili, kuandika kwenye fomu kwamba unakwenda “kupiga filamu”. Wewe ni mtalii. Andika utalii.

Hatua ya 4: Chagua mwezi

Aprili, Mei, Oktoba. Julai na Agosti joto hupita nyuzi 30, ngome hazina kivuli, na mabasi hujaa. Desemba hadi Februari kuna nafuu ya bei, ila upepo hukatiza boti za kisiwa kidogo cha Comino na siku ni fupi.

Hatua ya 5: Lala mahali penye mabasi

Valletta ndiyo kitovu. Mabasi mengi yanaanzia nje ya lango lake. Vyumba ni ghali, kwa hiyo wengi hulala Sliema na kuvuka kwa boti, au Birgu upande wa pili wa bandari. Nauli ya basi ni euro 2 majira ya baridi na 2.50 majira ya joto, na tiketi inafaa kwa saa mbili hata ukibadilisha basi.

Hakuna konda wa kukuita wala kukugongea dirisha. Basi likija nyoosha mkono, la sivyo linapita. Likijaa linapita vilevile, hata ukinyoosha mikono yote miwili.

Hatua ya 6: Siku ya kwanza, Valletta kwa miguu, kisha ng'ambo

Anza mapema Fort St Elmo, kwenye ncha ya mji. Ukiwa juu ya kuta zake utazame mdomo wa Bandari Kuu: ngome iliyokaa upande wa pili ndiyo Ricasoli. Kwa mtu asiyeweza kuingia, hapa ndipo mahali pazuri zaidi pa kuiona yote. Asubuhi jua litakuwa mbele yako. Ukitaka picha yenye maumbo, rudi alasiri.

Kisha panda kuelekea Republic Street ukiwa na picha zako za World War Z. Usitafute ule ukuta mkubwa unaopandwa na wafu-hai wa filamu hiyo. Huo ni kompyuta. Tafuta mitaa ya ngazi na balkoni za mbao. Ni kazi ya subira, na ndiyo raha yenyewe.

Archbishop Street kuna baa ndogo iitwayo The Pub. Hapo ndipo mwigizaji Oliver Reed alipozidiwa tarehe 2 Mei 1999, akafariki siku hiyohiyo, Gladiator ikiwa bado inapigwa. Matukio yake yaliyobaki yalikamilishwa kwa kompyuta na mwigizaji mbadala. Ukutani utaona picha zake. Asiyekunywa aagize soda.

Mchana nenda bustani ya Upper Barrakka, teremka kwa lifti hadi majini, uchukue boti ya kwenda upande wa Birgu. Fort St Angelo unaingia kwa tiketi. Gati la Birgu ndilo lililokuwa Marseille katika The Count of Monte Cristo (2002).

Ukiwa na nguvu bado, endelea Kalkara. Studio iko huko, jirani na Ricasoli. Tangi lake la kwanza lilijengwa miaka ya 1960 kwa ujanja mmoja: ukingo wake wa upande wa bahari hufurika, kamera ikiwekwa kimo sahihi maji ya tangi na bahari ya nyuma yanaungana, na mtazamaji anaamini meli iko katikati ya bahari kuu. Tangi la kina kirefu liliongezwa kwa ajili ya Raise the Titanic (1980). Huwezi kuingia, na getini usibishane na mlinzi. Lakini ukisimama pale ukautazama upeo wa macho, utaelewa kwa nini walichagua pale na si kwingine: mbele hakuna kisiwa wala kilima, ni maji matupu.

Hatua ya 7: Siku ya pili, Mdina na pwani ya kaskazini

Fika Mdina kabla ya saa tatu asubuhi. Kuanzia saa nne mabasi ya watalii yanashusha watu, na lango halipigiki picha bila vichwa. Mabasi namba 51, 52 na 53 kutoka Valletta yanakufikisha Rabat, jirani na lango. Picha ya daraja na lango pigia upande wa nje. Ndani nenda Pjazza Mesquita, kiwanja kidogo kilichoonekana katika msimu huohuo wa kwanza wa Game of Thrones. Misimu iliyofuata walihamia Kroatia, kwa hiyo anayetafuta ngazi za malkia Cersei apande ndege nyingine.

Alasiri ni ya Popeye Village, Anchor Bay, karibu na Mellieħa. Kuna kiingilio, na ndani pamegeuzwa kuwa mahali pa watoto: vikaragosi, muziki, boti. Kama huna watoto, ushauri wangu usilipe. Nenda kwenye jabali la ng'ambo ya ghuba, utakiona kijiji chote bure, tena kwa pembe nzuri zaidi. Kumbuka tu kwamba mbao zile zililetwa kutoka Uholanzi na vigae vya mbao vya paa kutoka Kanada, kwa filamu moja. Jabali halina uzio kila mahali. Usirudi nyuma ukijipiga selfi.

Hatua ya 8: Siku ya tatu, Gozo au Comino, si vyote viwili

Gozo: kivuko cha magari kutoka Ċirkewwa huchukua kama dakika 25, na nauli hulipwa wakati wa kurudi. Kuna kivuko cha haraka kutoka Valletta cha dakika 45. Hicho hulipiwa pande zote. Ukifika Mġarr panda basi hadi Victoria, kisha namba 311 hadi Dwejra. Hapo lilisimama Azure Window. Utaona jabali lililokatika na bahari. Tao lenyewe liko chini ya maji, wanalifaidi wapiga mbizi. Mandhari bado ni makubwa, na ile ghuba ya ndani inayoingia kupitia tundu la mwamba inastahili nusu saa yako.

Mġarr ix-Xini, ghuba ndogo iliyokuwa kusini mwa Ufaransa katika By the Sea (2015), ni nzuri kwa kuogelea, lakini hoteli ya kwenye filamu ilikuwa seti na imeondolewa.

Comino: mnara wa St Mary wa mwaka 1618 ndio gereza la Château d'If katika The Count of Monte Cristo. Wengi hushuka Blue Lagoon na hawafiki mnarani, ingawa si mbali kwa miguu. Tangu 2025 Blue Lagoon inataka ujisajili mtandaoni kabla, kwa muda maalumu, kwa sababu watu walikuwa wamezidi. Usiende gatini ukitegemea bahati.

Mambo yakienda kombo

*Nimefika, lakini picha hailingani.* Huenda umesimama karibu mno. Kamera za sinema hutumia lenzi ndefu zinazovuta mandhari ya nyuma. Rudi nyuma hatua ishirini au thelathini, kuza picha kwa simu, linganisha tena na kile kitu cha mawe ulichokizungushia duara. Ikikataa bado, jaribu kuigeuza picha ya skrini kushoto kulia. Wahariri hufanya hivyo mara nyingine.

*Ngome imefungwa siku niliyofika.* Maeneo makubwa yako chini ya Heritage Malta, shirika la makumbusho na maeneo ya kale, na tovuti yao hutangaza saa na ukarabati. Angalia usiku wa kuamkia siku hiyo, si mwezi mmoja kabla. Badilisha siku ya kwanza na ya pili. Mdina haifungwi, ni mji wa watu.

*Bahari imechafuka, boti zimesitishwa.* Comino isahau. Kivuko kikubwa cha Gozo huvumilia zaidi kuliko boti ndogo. Nacho kikisimama, rudi Valletta ukamalizie mitaa.

*Nataka kurusha droni.* Droni yenye kamera inahitaji mwendeshaji aliyesajiliwa kwa sheria za Umoja wa Ulaya, na kwa Malta wahusika ni Transport Malta, mamlaka ya usafiri. Uwanja wa ndege haupo mbali na popote kisiwani. Mgeni wa siku tatu aiache nyumbani.

*Nimesikia wanatafuta waigizaji wa ziada.* Kweli hutafutwa, tena kwa mamia filamu kubwa zikija. Lakini viza ya utalii haikuruhusu kufanya kazi yoyote, hata ya kusimama nyuma kabisa umevaa joho la Kirumi. Anayekuambia ulipe kwanza ili uandikishwe, mkimbie.

*Nimekuta mtaa umefungwa, malori na nyaya kila mahali.* Kuna filamu inapigwa. Muulize mlinzi kwa upole ni saa ngapi watafungua; mara nyingi atakuambia. Sogea kando ukanywe chai. Usipitishe simu juu ya uzio. Mfanyakazi akikuomba ufute picha, ifute mbele yake, kisha umuulize jina la filamu. Wakati mwingine hulisema.